Haiku? Haiku nini?

Siku nilipotangaza kwenye grupu la familia kwamba nimeanza kuandika haiku, baba mdogo ndiye aliyewahi kujibu. "Haiku nini, mwanangu? Haikunyesha? Haikupikwa? Malizia neno."

Nilikuwa ndani ya daladala, nimebanwa kati ya dirisha na mama mwenye tenga la nyanya. Nikacheka kwa sauti mpaka mama wa watu akasogeza tenga lake. Miezi mitatu nzima nilikuwa nikihangaika na ushairi wa Wajapani, nikijiona msomi, na haikunijia hata siku moja kwamba kwa sikio la Mswahili jina hilo ni kitenzi kilichokatwa mkia. Kuna kitu hakikutokea, na hujaambiwa ni kitu gani. Nikamjibu palepale, kwa kidole kimoja:

Haikunyesha —
mwavuli nimebeba
kama fimbo tu.

Akaweka kidole gumba. Baada ya dakika kumi akarudi: "Nimehesabu. 5, 7, 5. Sawa. Vina viko wapi?"

Niwajulishe kidogo kuhusu baba mdogo. Ni mzee wa vina na mizani, yaani hesabu ya silabi za kila mstari. Ujanani alikuwa akituma mashairi magazetini kwenye kurasa za washairi, na hadi leo anaweza kukujibu kwa beti kuhusu jambo lolote, hata ukimuuliza bei ya mkaa. Kwake mshororo una mizani 16, 8 upande huu na 8 upande ule, kina cha kati na kina cha mwisho, na asiyefuata hayo anaandika barua. Nilipomweleza kwamba haiku nzima ina mizani 17 alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo huyu Mjapani kaandika mshororo mmoja, mizani moja ikamzidi, akaenda kulala?"

Haiku yangu ya kwanza kabisa sikumwonyesha mapema, na sababu mtaiona. Nilikuwa nimenunua kitabu cha mtumba kwa wale wapanga vitabu chini pale Posta, tafsiri za Kiingereza za mashairi ya Kijapani, kurasa zimeliwa na mende. Kila ukurasa theluji, korongo, maua ya micheri. Nikaona hivi ndivyo inavyotakiwa. Nikaandika:

Theluji kimya
yaanguka mtoni —
ewe upweke.

Naishi Mbagala. Theluji niliyowahi kuiona ni ile ya kileleni Kilimanjaro, tena kupitia dirisha la basi, asubuhi moja tuliposimama Moshi nikawa namenya ndizi, na wingu likaifunika kabla sijafika ndizi ya pili. Baba mdogo alipoisoma hakucheka. Aliandika hivi, bila shaka kwa dakika mbili tu, maana ndivyo alivyo:

Theluji hujaiona, waililia ya nini,
mbu wanakutafuna, waandike vitabuni.

Hesabu mwenyewe, 8 na 8, 8 na 8, vina vimekaa. Iliniuma. Na usiku uleule, kana kwamba kuna aliyetumwa, nilijifungia ndani ya chandarua kipya, nikachomeka pindo zote chini ya godoro kwa umakini wa fundi, nikazima taa. Nziii.

Neti ni mpya —
mimi ndani na mbu
tumefungiwa.

Hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa haiku yangu ya kwanza. Iliyotangulia ilikuwa utalii.

Baadaye ndipo nikagundua kwamba mbu, nzi na viroboto ni wakazi wa zamani sana wa ushairi huu. Kobayashi Issa, aliyezaliwa mwaka 1763 na kufa 1828, aliacha haiku zaidi ya 20,000, na wadudu wamejaa humo kama kwenye ghala la mahindi. Mtu huyo alizika watoto, alizika mke, aligombea urithi na ndugu kwa miaka, na bado alikuwa na muda wa kuzungumza na kiroboto kwa upole. Ukishamsoma yeye, theluji inakutoka kichwani yenyewe.

Hata utani si kitu tulichoubandika sisi wa simu na vifurushi. Neno haikai, ambamo haiku imechomoka, lenyewe lina maana ya mzaha. Washairi walikuwa wakikaa pamoja na kutunga kwa mnyororo: mmoja anatoa 5-7-5, mwenzake anadakia kwa 7-7, wa tatu anarudi na 5-7-5, hivyo hivyo mpaka chai inapoa. Matsuo Bashō, aliyefariki mwaka 1694, ndiye aliyeupa uzito ule ubeti wa kufungulia mnyororo. Lakini jina "haiku", kwa maana ya shairi linalosimama peke yake, lilikuja mwishoni mwa karne ya 19 kwa Masaoka Shiki. Na huyu Shiki, ambaye alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1902 akiwa na miaka 34 tu, alikuwa mshabiki wa kutupwa wa besiboli. Mchezo ulikuwa mgeni Japani, umetoka Marekani, vijana wameupapatikia, naye akautungia mashairi. Mwaka 2002, miaka 100 baada ya kufa kwake, wakamwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli wa Japani. Mshairi, pamoja na wapiga mpira!

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Simba na Yanga si mambo ya haiku, ninalo jibu. Nafanya kazi ya kuandika risiti kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, na wiki ya dabi hata bei ya nyaya haiulizwi kabla hujasema uko upande gani. Klabu moja ni ya 1935, nyingine ya 1936. Yaani ugomvi huu una umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Kwa wazazi wangu umekaa hivi:

Siku ya dabi —
baba na mama leo
vyumba viwili.

Mjuzi wa mambo ya Kijapani atanikosoa kwamba hii si haiku hasa bali ni senryū, na atakuwa sawa. Vipimo ni vilevile, ila senryū haina haja ya neno la majira, lile la kudokeza msimu, na inamtazama binadamu na vituko vyake badala ya mwezi na chura. Jina ni la mtu. Karai Senryū, wa mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, alikuwa akihukumu vibeti vya raia wa kawaida, wauza duka na mafundi, na mwaka 1765 mkusanyo wa vilivyochaguliwa ukaanza kuchapishwa. Vikapendwa mno hata aina nzima ya ushairi ikachukua jina lake. Fikiria mhariri wa ukurasa wa mashairi ahukumu vizuri mpaka utani wenyewe uitwe kwa jina lake. Tangu mwaka 1987 kuna kampuni ya bima kulekule Japani inayoendesha mashindano ya senryū za wafanyakazi wa ofisini, na kila mwaka zinamiminika makumi kwa maelfu. Bosi, mke, kitambi, mshahara. Niliposoma habari hiyo nilijisikia kama niliyekutana na ndugu uwanja wa ndege. Maana hii yangu nayo ilikuwa tayari nyuma ya risiti:

Tarehe tano;
mshahara wasema,
"Nilipita tu."

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Wanaoandika haiku kwa Kiingereza wamebishana miaka na miaka kuhusu 17, kwa sababu silabi zao si zile Mjapani anazozihesabu. Mjapani huhesabu kipimo anachokiita on, na ukitazama kanuni zake unashangaa zilivyo za nyumbani. Herufi n ikisimama peke yake ni pigo kamili: Nihon ni ni-ho-n, 3. Na sisi nchi ni n-chi, mbwa ni m-bwa, mbu ni m-bu. Irabu ikivutwa inahesabiwa mara mbili: Tōkyō ni 4. Na sisi saa ni sa-a, bluu ni blu-u. Kyo yao ni pigo moja, kama vyu ya vyumba vyetu. Hata neno lenyewe, ha-i-ku, ni 3 kwao na ni 3 kwetu. Mtoto aliyelelewa kwenye tenzi hahitaji darasa; vidole vyake vinajua.

Vidole vyangu, hata hivyo, vina kasoro. Wiki moja niliandika juu ya wale wanaoonyesha mavazi mtandaoni, na mstari wa kwanza ukawa "Mbuni wa nguo". Nikaupeleka kwa mbwembwe. Baba mdogo akapiga simu kabisa. Jambo hilo kwake lilikuwa zito kuliko maandishi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyo mbuni wako ana manyoya au ana cherehani?"

"Ana cherehani."

"Basi ni m-bu-ni. Mizani 3. Mstari una 6. Angekuwa yule ndege, ni mbu-ni, 2, mstari ungekuwa 5, ukapona."

"Na mbuni wa kahawa je?"

"Mti huo ni m-bu-ni pia. Ndege peke yake ndiye anayekusaidia, na ndege havai nguo."

Akakata simu. Nimekuwa nikisema Kiswahili tangu nizaliwe na sikuwahi kuliona hilo, kwamba maandishi ni yaleyale lakini mdomo unajua tofauti.

Majina ya kisasa nayo yana shida yake. TikTok utaihesabuje? Mjapani kwa taratibu zake anaifanya 6. Mimi nimefuata konda wa daladala zetu, ambaye hutamka Tikitoki bila kuomba ruhusa ya mtu. Ni 4, inatosha.

Uani kwetu
kucheza Tikitoki —
kuku hataki.

Tatizo la pili ni urefu. Kiswahili kinapenda kufunga mzigo mmoja mkubwa. "Nitakupigia" pekee ni mizani 6, umeshavuka mstari kabla hujasema utampigia nani na kwa salio gani. Ndiyo maana nikapata maradhi ya kuokota vitenzi vya mizani 5 kama mtu anayeokota sarafu: nimechelewa, hajapokea, umekatika, tumefungiwa. Nikivisikia tu naviandika. Hicho "umekatika" kilinijia kwenye giza, mshumaa haujapatikana, nimetoka barazani kufanya kile ambacho kila Mtanzania hufanya umeme ukizimika, yaani kuchungulia dirisha la mwenzake:

Umekatika.
Na kwa jirani? Giza.
Nimetulia.

Lakini hivyo virefu, nilivyokuwa navilaumu, ndivyo vilivyonipa siri. Tazameni haiku hii ya foleni ya kutoka Rangi Tatu. Mwanzoni niliiandika hivi:

Foleni ndefu.
Muuza maji tena
ametupita.

Mizani zimetimia. Ila haisemi kitu. Ni taarifa ya usalama barabarani. Niliibeba siku mbili. Siku ya tatu, hapo Mtoni Mtongani, gari limezima injini kabisa, nikageuza:

Foleni ndefu —
ametupita tena
muuza maji.

Maneno ni yaleyale 6. Ila sasa ukifika "ametupita" unajua kuna mtu, ile a- imeshakunong'oneza, na unadhani ni dereva fulani, wa bodaboda, labda mkubwa na ving'ora vyake. Halafu anatokea kijana na ndoo ya maji kichwani. Kiswahili kinaruhusu mtenda akae nyuma ya pazia mpaka mwisho, na kiambishi kikimshikia nafasi. Kwa mchezo huu wa mistari mitatu, sijui unataka lugha gani nyingine. Wajapani wana maneno maalumu ya kukatia, wanayaita kireji, ambayo hukata shairi ili msomaji aruke mwenyewe pengo. Mimi nakata kwa kumchelewesha mtu:

Tiki za bluu —
kasoma tangu jana
mdeni wangu.

Dada yangu alisoma mistari miwili ya mwanzo akaanza kunipa pole ya mapenzi. Alipofika wa tatu akaacha. (Yeye mwenyewe ana elfu kumi yangu.)

Siku hizi grupu la familia limegeuka ule mnyororo wa zamani bila mtu kupanga. Mmoja anatupa, mwingine anadakia, shangazi anatuma sauti akiimba badala ya kuandika. Kwa bibi kuna tamthilia ya Kituruki saa mbili usiku, imetiwa sauti za Kiswahili, na mpishi wa zamu ni bibi huyohuyo:

Bibi alia:
Mturuki kaachwa.
Wali? Ukoko.

Mpwa wetu mdogo, ambaye bado anavalishwa viatu, amehifadhi Bongo Fleva zote za mtaani, za majonzi hasa:

Wa chekechea
aimba kaumizwa —
na penzi, eti!

Si zote zinazoletwa ni nzuri, na sijui kusema uongo hata kwa ndugu. Nyingi ni sentensi ya kawaida iliyokatwakatwa kama muhogo. Nimeamka, nimekunywa chai, nimekwenda kazini. Hata zikitimia 17, hizo ni maelezo ya mshitakiwa. Nyingine zina mzaha lakini mtunzi hana imani nao, anaongeza kicheko mwishoni, halafu katuni tatu za kulia machozi. Mzaha wa haiku ukiuelezea umeufukia. Shangazi, asiyejali 5 wala 7, ananielewa hapo kuliko wote, kwa sababu amevaa khanga maisha yake yote. Khanga ina pindo, ina mji, na chini ina jina, mstari mmoja tu. Aliwahi kuianika moja kwenye kamba, jina limeelekea nyumba ya pili, pasi kinyooo, akaingia ndani kupika. Hakusema neno. Jirani hakupita uani kwetu wiki mbili.

Neno la majira nalo nimelirudia polepole, nikiwa nimeacha theluji kwa wenyewe. Tuna masika na vuli, tuna kipupwe ambacho watu wa Dar hukiita baridi na kuvaa makoti, tuna pepo za kusi na kaskazi. Tuna embe. Na tuna mwezi mmoja ambao hauhitaji kuelezwa kwa mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni:

Ni Januari —
mwembe bado wazaa;
mfuko wangu...

Hiyo niliiacha ikining'inia, na baba mdogo akalalamika kwamba sijamaliza. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeanza, siku ile, kwa "malizia neno". Hakujibu. Alinyamaza siku nne, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu anunue simu janja. Mama akauliza kama mzee anaumwa.

Juzi saa tano usiku ukaja ujumbe, tena haukuja kwenye grupu, umekuja kwangu peke yangu:

Nimejaribu,
kwa vina na kwa tabu;
sasa nijibu.

Nikahesabu kwa vidole mara mbili. 5, 7, 5. Vina vya -bu juu mpaka chini, kama mtu aliyekubali kuhamia nyumba ya wageni lakini akaja na kitanda chake. Anataka jibu, na kwa desturi yake jibu lazima lishike kina kilekile. Kila nikikaa nakwama mstari wa tatu. Maneno mengi yanayopatikana yana mizani 4 au 6, na maneno mazuri ya -bu ameshayamaliza yeye. Kwake tiki zimeshakuwa bluu tangu juzi.